Sweta lisilo na mshono: kagua bega kabla ya kuvuka mpaka

Baridi ya Juni na Julai inapobana Arusha na Limuru, masweta yaliyofumwa kwa sindano hutafutwa pande zote mbili za mpaka wa Namanga. Lakini mteja akirudisha sweta lililofumuka begani, faida inaishia kwenye nauli.

Njia moja ya kuepuka hasara hiyo ni kulifuma kuanzia juu. Mabega hutangulia, kisha mgongo na vipande viwili vya mbele huunganishwa chini ya kwapa na kufumwa pamoja hadi kiunoni. Vitanzi huokotwa kuzunguka tundu la mkono, na sehemu ya begani hufumwa kwa safu fupi zinazorefuka kidogo kidogo hadi kwapani. Mkono hukaa kama wa koti bila kushonwa.

Kabla ya kulipa, geuza sweta nje ndani, vuta bega taratibu na utazame kwapani kama vitanzi vimeachia.

Muulize pia mfumaji uzi umetoka wapi. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, cheti rahisi cha uasili hutolewa mpakani na kuondoa ushuru wa forodha, ila kwa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja na zinazokidhi kanuni za uasili za Jumuiya ya Afrika Mashariki.