Mgeni Ndani ya Kompyuta, na Mizigo ya Hesabu

Wengi wetu hapa Ipole tumesikia habari za mababu waliochukua pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Hapakuwa na mtu aliyeweza kubeba shehena yote. Iligawanywa, kila mpagazi akapewa mzigo wake, kama frasila mbili hivi. Siku hizi hesabu kubwa za wataalamu nazo huchukuliwa vivyo hivyo.

Mfano ulio karibu nasi ni wa malaria. Mwaka 2006 Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto, iliyofungua maabara Ifakara katika miaka ya 1950, ilishirikiana na wengine kuanzisha malariacontrol.net. Watu wa nchi nyingi walizikopesha kompyuta zao zikokotoe jinsi ugonjwa unavyoenea, na chandarua au chanjo ingepunguza kiasi gani. Kazi hiyo ilikoma mwaka 2016, lakini programu iliyoiendesha, yaani BOINC ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaendelea kugawa mizigo mingine.

Sasa tuje kwa Linux, aliyoianza Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991, nayo hutolewa bure. Atakaye kujifunza Linux bila kuondoa Windows aweza kutumia VirtualBox. Programu hii hutenga sehemu ya kumbukumbu na diski, ikafanya kompyuta pepe. Linux hukaa humo kama mgeni, ikidhani imepewa mashine nzima. Mwanafunzi akiivuruga, Windows haidhuriki. Aifute, aanze tena.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza: BOINC iwekwe wapi, kwa mwenyeji au kwa mgeni? Mimi nasema kwa mwenyeji. BOINC ina adabu: hujiweka nyuma ya kazi zote, ikatumia tu nafasi ambayo prosesa ingekaa bure. Lakini ukiiweka ndani ya Linux, adabu hiyo yaonekana na Linux peke yake. Windows haioni kilichomo chumbani mwa mgeni; yaona kompyuta pepe moja tu inayodai kazi kwa sauti ya kawaida. Basi mtumishi mnyenyekevu wa mgeni atamsukuma mwenye nyumba! Ukipenda kuiweka humo hata hivyo, mpe mgeni prosesa moja tu.

Kumbukumbu haina adabu hata kidogo. Nafasi ya prosesa huachwa mara moja kazi nyingine ikija, bali gigabaiti mbili zilizoshikwa na Linux hubaki zimeshikwa mpaka uizime. Kwenye mashine ya gigabaiti nne hapana budi kuipunguzia BOINC kiasi cha kumbukumbu, la sivyo Windows itahamishia vitu kwenye diski na kila kitu kitakwenda mwendo wa kobe. Tena kuna mizigo ambayo yenyewe ni kompyuta pepe: tangu mwaka 2011 CERN hupeleka Linux nzima ndani ya mashine za wenye kujitolea. Hiyo isiwekwe pamoja na mgeni wako.

Wazazi watauliza gharama, nao wana haki. Prosesa inayokokotoa hupata joto na kula umeme zaidi. Asemaye ni bure hajatazama mita. Katika BOINC chagua kazi isimame kompyuta inapotumia betri, na iendelee saa mnazokubaliana na anayelipa umeme.