Beseni Jipya na Bomba la Kale: Namna ya Kuyapatanisha

Siku hizi nyumba nyingi za mijini, na hata zile za mashambani zilizofikiwa na maji ya bomba, zina beseni la kunawia lililowekwa juu ya kabati katika chumba cha kuogea. Meza ya beseni hilo huchakaa. Mbao huvimba, jiwe hupata ufa, na mwenye nyumba hununua meza nyingine iliyo nzuri zaidi. Lakini mara nyingi, baada ya meza mpya kukazwa mahali pake, huonekana ya kuwa tundu la beseni halilingani tena na bomba la ukutani lichukualo maji machafu. Pengine limesogea kushoto au kulia, pengine limekuja mbele, na pengine beseni jipya lina kina kirefu kuliko lile la zamani.

Hapo ndipo watu wengi huharibu kazi. Mmoja hulivuta bomba kwa nguvu mpaka likutane na beseni, na mwingine hufunga kiungo kwa matambara na gundi. Maji hupita siku ile, na baada ya majuma machache kabati huanza kuoza chini, au jirani akaaye ghorofa ya chini huja kulalamika ya kuwa dari lake linavuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba ajue kazi ya mabomba haya, hata kama ataajiri fundi.

Kazi ya bomba lililopinda

Chini ya kila beseni pana sehemu tatu. Kwanza ni bomba fupi la wima lishukalo kutoka katika tundu la beseni. Pili ni mpindo, yaani bomba lililopinda mfano wa herufi U. Tatu ni bomba lililolala, litokalo katika mpindo na kuingia ukutani.

Wengine hudhani ya kuwa mpindo umewekwa ili kushika pete au kijiko kianguke kisipotee. Sivyo. Mpindo hubakiza maji kidogo ndani yake kila wakati, na maji hayo ni kama mlango uliofungwa. Huzuia hewa chafu ya bomba kuu la taka isipande ndani ya nyumba, na huzuia mende na wadudu wengineo. Hekima hii si mpya. Mwaka wa 1775 fundi wa saa aliyekaa London, jina lake Alexander Cumming, alipewa hati ya serikali kwa choo chenye bomba lililopinda kwa namna hii.

Maji hayo yakikosekana hatari yake si harufu tu. Mwaka wa 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS, wakazi zaidi ya 300 wa majumba ya Amoy Gardens huko Hong Kong waliambukizwa. Wachunguzi walipotazama mabomba, waliona ya kuwa mipindo ya sakafu za vyumba vya kuogea ilikuwa imekauka katika nyumba nyingi, wakasema ya kuwa jambo hilo lilisaidia kueneza ugonjwa. Basi mwenye kuondoa mpindo ili bomba lipate kufika ukutani kwa urahisi, amefungua mlango ambao hakupaswa kuufungua.

Kupima kabla ya kukata

Weka ndoo chini ya mpindo, kisha fungua nati kwa mkono. Ikiwa mtu amemimina dawa kali ya kuzibulia mabomba siku chache zilizopita, vaa glavu na ulinde macho, kwa maana dawa hiyo huunguza. Tia kitambaa katika tundu la ukutani ili harufu isitoke, wala usisahau kukiondoa kazi imalizikapo.

Sasa pima mambo matatu: tundu la beseni limesogea kando kwa kiasi gani, liko mbali na ukuta kwa kiasi gani, na ncha ya chini ya bomba la wima iko juu au chini ya tundu la ukutani. Andika vipimo hivyo. Tazama pia unene wa mabomba. Bomba la beseni la kunawia kwa kawaida huwa la milimita 32, yaani inchi moja na robo, lakini mengine ni ya milimita 40. Ukinunua kipande kisicholingana, hakitashika.

Tundu likiwa limesogea kando

Hapa mpindo wenyewe ni msaada mkubwa, maana huzunguka katika viungo vyake viwili. Ukielekezwa mbele, tundu la beseni hulingana na tundu la ukutani. Ukigeuzwa ubavu, tundu la beseni laweza kuwa kushoto au kulia kwa kadiri ya upana wa mpindo. Kwa hiyo legeza nati zote, geuza mpindo polepole mpaka bomba la wima liingie lenyewe, kisha kata au refusha bomba lililolala. Bomba hili liingie ukutani likiwa limenyooka, wala lisisukumwe upande.

Umbali ukizidi upana wa mpindo, nunua viungo viwili vilivyopinda kidogo, vya digrii 45, uvitie katika bomba lililolala. Usitumie viungo vingi, maana kila kona ni mahali pa nywele na sabuni kukwama. Tena usinunue lile bomba laini lenye mikunjo kama koo la ng'ombe. Ni rahisi kulipinda, lakini mikunjo yake hushika uchafu upesi, na baada ya muda huziba.

Tundu likiwa juu au chini

Beseni likiwa juu kuliko zamani, ongeza kipande cha bomba la wima. Lakini umbali kutoka tundu la beseni mpaka mpindo usizidi sentimita 60, kwa sababu maji yaangukayo kutoka mbali huenda kwa nguvu na kuyachukua yale ya mpindo.

Beseni likiwa chini kuliko zamani, kata bomba la wima kwa msumeno wenye meno madogo, na uisugue ncha yake kwa msasa. Ikiwa hata baada ya kukata, mpindo bado unatokea chini ya tundu la ukutani, usilielekeze bomba juu. Maji machafu yatalala humo na bomba litaziba. Hapo hapana budi kuinua meza, au kuvunja ukuta kidogo na kulishusha bomba lake. Kazi hiyo ni ya fundi, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua kabati jingine.

Bomba lililolala lishuke kidogo kuelekea ukutani, yapata sentimita 2 kwa kila mita moja. Lisipokuwa na mteremko, uchafu hubaki. Mteremko ukiwa mkali mno, maji hukimbia yakijaza bomba lote na kuyavuta yale ya mpindo, na mpindo hubaki mkavu.

Kufunga na kujaribu

Panga vipande vyote vikavu kwanza, kabla ya kukaza kitu. Bomba la gundi likishikamana halifunguki tena, kwa hiyo gundi iwe ya mwisho kabisa. Kwa mabomba ya nati, vika nati kwanza, kisha mpira wake, na ule upande mwembamba wa mpira uelekee ndani ya kiungo. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa spana, basi. Nati ya plastiki ikikazwa kupita kiasi hupasuka. Nati isiposhika kwa mkono, dawa si nguvu, bali ni kurudi kupima, maana bomba halijanyooka.

Mwishowe ziba tundu la beseni, ujaze maji mpaka karibu na ukingo, kisha uyaachilie yote mara moja. Tandika karatasi kavu chini ya kila kiungo, maana tone dogo ambalo jicho haliioni karatasi itakuonyesha. Tazama tena kesho yake.

Na kama nyumba itakaa bila mtu kwa majuma mengi, maji ya mpindo hukauka kwa joto. Urudipo, jambo la kwanza ni kumimina kikombe cha maji katika kila beseni na katika kila tundu la sakafu. Kazi hiyo ni ya dakika moja, nayo huwalinda watoto wako na hewa ya bomba la taka.