Kaburi Liko Mbali, Jina Liko Nyumbani

Mtu afiwapo nyumbani hukaa matanga, hutia udongo kaburini kwa mkono wake, na siku zikipita moyo huanza kutulia. Je, mama ambaye mwanawe ameanguka vitani ng'ambo ya bahari, udongo wake atautia wapi?

Swali hilo liliingia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mwaka 1944. Mwezi wa Agosti mwaka huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo nembo yake ilikuwa kichwa cha kifaru, ilishuka bonde la Kabaw nchini Burma kuwafukuza Wajapani. Humo walikuwamo askari wa Batalioni ya 4 ya King's African Rifles kutoka Uganda, pamoja na wenzao wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mvua haikukoma, magari yalizama matopeni, na malaria iliwaangusha watu kama risasi. Hata hivyo walisonga mbele, na mwanzoni mwa Desemba wakautwaa mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin.

Wengi hawakurudi. Huko Taukkyan, kaskazini ya Rangoon, ambayo leo huitwa Yangon, yamechongwa majina karibu 27,000 ya askari wasiojulikana makaburi yao. Waafrika wamo.

Lakini wako waliokosa hata jina. Sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam baada ya vita vya 1914 hadi 1918 hazina majina ya waliokufa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi, ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Basi ikiwa daftari la serikali laweza kumpoteza mtu, daftari la nyumbani lisimpoteze. Mjane na aandike jina la marehemu kama lilivyoandikwa jeshini, namba yake, kikosi chake, mahali na tarehe aliyoanguka. Barua yake ya mwisho na medali zake ziwekwe pamoja, mahali pakavu.

Mtoto naye asiambiwe kwamba baba "amesafiri", kwani kila mlango ubishwapo atakimbia kutazama. Aambiwe kweli kwa upole, na aonyeshwe daftari hilo.

Nanyi askari mliorudi salama, nendeni nyumbani kwa mwenzenu. Msingoje kuitwa. Waelezeni wazazi wake jinsi alivyoishi nanyi, alivyocheka, na chakula alichokipenda. Maneno hayo machache ndiyo udongo ambao mama yule hakupata kuutia kwa mkono wake.