Kabla ya Kununua Friwili Mpya, Fungua Iliyopo

Mwenye Land Cruiser au Hilux ya zamani anakijua kile kifuniko cha duara katikati ya gurudumu la mbele, chenye maandishi FREE na LOCK. Mafundi hukiita friwili. Ikigoma, ushauri wa haraka wa gereji ni kununua jozi mpya. Mara nyingi hiyo ni hasara, maana kinachokufa ndani yake huwa ni kitu kidogo.

Ikiwa FREE, gurudumu huzunguka peke yake. Ekseli, difu ya mbele na propela hutulia. Ukiigeuza LOCK, pete yenye meno husogea ikashika ekseli na gurudumu kwa pamoja. Na kwa kuwa difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye upande usio na mzigo, friwili moja ikifa, nzima nayo haifai kitu. Ndiyo maana mtu huingiza gia ya 4x4 na bado akabaki matopeni.

Kuipima ni rahisi. Weka gari kwenye 2H, funga friwili zote mbili, tia kabari magurudumu ya nyuma, inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha lizungushe kwa mkono. Propela ya mbele isipozunguka, mojawapo haishiki.

Ifungue sasa. Kwenye Land Cruiser, ukitoa nati sita utakuta washa za koni zimekaza kwenye stadi. Usizichokoe kwa patasi, utaharibu uso wa gasketi. Gonga ncha ya stadi kwa kipande cha shaba, zitaruka zenyewe. Zitunze kama pesa. Anayerudisha bila hizo, friwili hucheza na stadi hukatika.

Ndani, mara nyingi utakuta grisi iliyoganda, maji, springi iliyolegea au oringi iliyokauka. Oringi hupatikana kwa kipimo kwenye maduka ya beringi, na gasketi hukatwa kwa karatasi yake hapo hapo gereji. Lakini meno ya pete yakiwa yameliwa, usimpe fundi achomelee na kupiga tupa: chuma kile kimekazwa kwa moto, na ukikichomelea kinapoteza ugumu wake.

Kama lazima ununue, usiende kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka ukitaja jina la gari tu. Nenda na kifaa chenyewe mkononi, hesabu meno ya ekseli, linganisha nafasi za stadi. Toyota na Suzuki nyingi zilitoka kiwandani na friwili za Aisin, na jina hilo huwa limeandikwa juu yake. Mimi ningechukua Aisin ya mtumba yenye meno makali kuliko mpya isiyo na jina, hata kama zinalingana bei. Hata iliyovunjika kifuniko ichukue ikiwa bei ni ndogo: springi na pete yake vitaokoa yako.

Unaporudisha, paka grisi kiasi tu. Ukiijaza, pete haitelezi na utarudi kwenye tatizo lile lile. Na ile uliyoitoa usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Hiyo ndiyo akiba yako ya spea.