Msafiri wa mfuko mwepesi, mzigo wake hubebwa na nani?

Wahenga wetu walituachia methali mbili juu ya mgeni. Ya kwanza yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu msomaji, asiyekijua Kiswahili aweza kudhani kwamba wahenga walikosana. La, hawakukosana. Walikuwa wakituonya kwamba ugeni una pande mbili, na kila upande una haki yake. Juu ya haki hiyo ndipo nataka tuzungumze leo, kwa kuwatazama wale vijana tunaowaona barabarani wakiwa na shanta mgongoni, chupa ya maji ubavuni na fedha kidogo mfukoni, wakiteremkia Pwani kwa safari ya gharama nafuu.

Mahali pazuri pa kuwatazama ni Emali. Mji huu umekaa juu ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, katika mpaka wa Makueni na Kajiado, na hapo ndipo njia ya Oloitokitok na Amboseli inapochepuka. Mkamba huja na maembe na machungwa yake, Mmasai huja na ng'ombe na mbuzi wake, na dereva wa lori huja na njaa yake. Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro huonekana kwa mbali upande wa kusini. Basi kijana aliyetoka kutazama ndovu wa Amboseli hufika hapa njia panda, akauliza: Pwani ni wapi, na nauli ni kiasi gani?

Bahari iko mbali na Emali kwa zaidi ya kilomita 300, lakini Pwani na nchi hii zimejuana tangu zamani. Stesheni ya jirani, Sultan Hamud, ilipewa jina la Sultani wa Unguja, Hamud bin Muhammad, aliyetawala kutoka 1896 hadi 1902, siku zile reli ilipokuwa ikipandishwa bara. Na kabla ya reli, Wakamba ndio waliokuwa wasafiri wakubwa wa njia hii. Katika karne ya 19 misafara yao ilishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi na nguo, shanga na chumvi. Mmoja wa wakubwa wa misafara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea kwake mmisionari Johann Ludwig Krapf aliyetoka Rabai, na huko Krapf akauona Mlima Kenya. Kwa hiyo kwenda Pwani na mzigo mgongoni si jambo lililoletwa na kijana wa Ulaya. Wenyeji wa hapa walilifanya miaka mingi kabla yake, tena bila viatu.

Nasi wa Pwani tumewapokea wasafiri kabla hata ya hapo. Mwaka 1331 Ibn Battuta wa Tanja alipita kwetu kwa chombo. Alilala Mombasa usiku mmoja, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, chakula chao ni ndizi na samaki, na misikiti yao imejengwa kwa mbao vizuri, ina visima mlangoni ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia. Kisha akaenda Kilwa. Huko akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani huyo nguo alizozivaa, siku ya Ijumaa baada ya sala. Naye akaingia ndani akazivua, akampa. Alipokufa akatawala nduguye Daud, na huyu alikuwa kinyume chake. Mwombaji akija, humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa mlangoni pake miezi na miezi wakapata kijisehemu tu, hata watu wakaacha kumwendea.

Katika kisa hicho yamo yote ninayotaka kuyasema. Mwenyeji akizidi kutoa humaliza mali yake, na akizidi kufunga mkono humaliza jina lake. Lakini je, mgeni naye hana wajibu wowote?

Vijana wa leo walianza kutujia kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Walikuwa na nywele ndefu na nguo za viraka, na wengi waliishia Lamu, ambako walilala juu ya madari ya nyumba za mawe kwa pesa kidogo. Mwaka 1977 Geoff Crowther akatoa kitabu chake, Africa on the Cheap, kuwaelekeza watu wa aina hiyo namna ya kulizunguka bara letu kwa bei ya chini. Wazee wa Amu walikuwa na mawili ya kusema juu yao. Walisema kwamba hawakuwa na kiburi, walikaa barazani na watu wakanywa kahawa na kujifunza lugha. Walisema vilevile kwamba baadhi yao walileta bangi na kutembea nusu uchi mbele ya misikiti. Yote mawili yalikuwa kweli.

Pale Emali niliingia katika hoteli moja ndogo kando ya barabara, ile ya meza nne na sufuria tatu. Nilikuta vijana wawili, mmoja Mjerumani na mwenzake mwanafunzi wa Nairobi, wakila muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Walipomaliza, Mjerumani akaanza kuvutana na mama mwenye hoteli juu ya shilingi ishirini. Alisema kwamba hesabu yake ya siku imekwisha. Mama akacheka, akamwachia.

Walipotoka kwenda kutafuta gari nikamwuliza, "Mama, mbona umemwachia?"

Akanijibu, "Mzee, huyu ni mtoto wa mtu, yuko mbali na kwao. Lakini hao mimi nawashangaa. Wote wanakimbilia huko baharini. Wakirudi wamebabuka pua, wanasema ni kuzuri sana."

"Na wewe wapaonaje?"

"Mimi sijafika. Nimekaa kwa barabara hii tangu niolewe. Magari yote yanaenda Mombasa, hakuna hata moja nimepanda. Nikifunga hoteli siku tatu, watoto watakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nililipa chai yangu nikatoka nje, na yale mazungumzo yakanifuata. Mtu mwenye uwezo wa kuvuka bahari kwa ndege alipunguziwa chakula na mtu asiye na uwezo wa kuiona bahari hiyo. Hapo ndipo penye siri ya safari rahisi. Urahisi haushuki kutoka mbinguni. Daima yuko mtu aliyeulipia, na mara nyingi ni yule mwenye kidogo zaidi: mama wa hoteli, nahodha wa dau, mwenye nyumba anayekodisha chumba chake akalala jikoni.

Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba katika mafungu manane ya wanaostahili zaka, mmoja ni ibn sabil, mwana wa njia, yaani msafiri aliyepungukiwa akiwa safarini. Huyo ana haki kwetu, awe nani na atoke wapi. Lakini aliyekatikiwa njiani ni mmoja, na aliyeamua kujinyima ili akasimulie kwao ni mwingine. Wa kwanza ni mhitaji. Wa pili ni mnunuzi, na mnunuzi hulipa.

Nisieleweke vibaya, ndugu msomaji. Mimi sikubaliani na wale wanaosema kwamba wageni wa namna hii hawana faida, na kwamba tungoje matajiri wa hoteli kubwa. Mgeni wa hoteli kubwa mara nyingi hulipa kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege, akafika, akala na kulala ndani ya ua, akarudi. Mwenye shanta hununua mahamri na mbaazi kwa mama anayepika, hupanda matatu, hukodi kitanda katika nyumba ya mtu. Shilingi yake ni ndogo, lakini haina dalali. Basi faida ipo, ila kwa sharti kwamba atoe bei anayotoa mwenyeji.

Tena Pwani yetu haihitaji kuombwa punguzo ili iwe rahisi. Tangu Juni 2017 treni mpya hupita Emali, na ile ya asubuhi itokayo Nairobi husimama hapa, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Nauli ya daraja la chini kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Mwisho wake ni Miritini, nje ya kisiwa. Anayetaka kuokoa pesa hapandi teksi hapo, hupanda matatu. Akifika mjini, Mji wa Kale ni wa kutembea kwa miguu, na kahawa chungu humiminwa jioni kutoka kwenye dele. Kivuko cha Likoni hakimtozi atembeaye kwa miguu.

Ng'ambo ya Likoni, matatu za Ukunda zipo kutwa. Mbele kidogo iko Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008; mgeni hujifunga nguo nyeusi, akaongozwa na wenyeji, na ada yake huwasaidia wao. Kusini zaidi iko Shimoni, na kutoka hapo Wasini, ambako kina mama wamejenga daraja la mbao juu ya mikoko na matumbawe, nao hutoza kiingilio kidogo. Upande wa kaskazini iko Takaungu, Kilifi, na magofu ya Gede yaliyopewa heshima hiyo ya urithi wa dunia mwaka 2024. Atakaye Lamu hupanda basi hadi Mokowe, kisha mashua. Lakini aulize kwanza habari za usalama, kwani njia ile imeona mashambulizi mabaya tangu 2014.

Mwenye pesa chache achague pia majira. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni shwari na vyumba ni ghali. Masika yakiingia, Aprili na Mei, mvua ni nyingi na bei hushuka. Hapo aweza kuelewana na mwenye nyumba bila kumdhulumu.

Na adabu haina gharama. Asalimie kabla ya kuuliza. Asimpige mtu picha bila idhini. Avae nguo ya kusitiri awapo mjini, aache nguo ya kuogelea ufukoni. Mwezi wa Ramadhani asile njiani mchana mbele ya waliofunga. Jioni atakaribishwa mwenyewe, na hatadaiwa. Hayo nimeyafunga katika ubeti mmoja, ili kijana ayabebe bila kuongeza uzito wa shanta:

Msafiri ukipita, kwenye mji siyo wako,
Lipa haki bila vita, uso mwema uwe wako,
Ukarimu ukipata, ukumbuke na mwenzako,
Nyayo zako zitanata, zitangaze sifa yako.

Lakini neno langu la mwisho si kwa Mjerumani. Ni kwa yule mwanafunzi wa Nairobi aliyekuwa pamoja naye. Nilifurahi kumwona. Zamani, mtoto wa Kenya aliyesafiri bila shughuli, bila maziko wala harusi, alionekana mpotevu. Leo vijana wetu hukusanyana wanne watano, wakachangiana nauli na unga, wakashuka kuijua nchi yao. Hilo ni jambo la kuungwa mkono. Walimu wa Makueni na Kitui wana watoto wanaochora bahari kwa rangi ya buluu kutoka vitabuni, na reli inapita karibu nao. Walimu wa Lamu na Kwale nao wana watoto wasiowahi kuona mlima wenye theluji ambao mtoto wa Emali huuona akienda kuchota maji. Shule mbili zikiandikiana, zikabadilishana wageni kwa wiki moja wakati wa likizo, watoto wakalala katika madarasa na kula chakula cha shule, gharama haiwi kubwa kuliko nauli. Wala isiwe watoto peke yao. Vyama vya kina mama vinavyochangiana kununua vyombo vyaweza kuchangiana tiketi pia, mmoja akaenda mwaka huu, mwenzake akamshikia hoteli, mwaka ujao wakabadilishana.

Mama yule wa Emali amewalisha watu wengi waendao baharini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi wa Pwani tungependa siku moja yeye awe mgeni, nasi tuwe wenyeji. Samaki yuko, nazi iko, na baraza limefagiliwa.