Picha za Kale Ndani ya Makasha Yetu



Miaka michache iliyopita niliitoa picha ya babu yangu kwenye fremu yake. Ilikuwa imetundikwa ukutani tangu kabla sijazaliwa, na kioo chake kilikuwa kimeshaingia ukungu. Niliivuta taratibu, kwa bismillahi, nikidhani natengeneza. Karatasi ilitoka, uso ukabaki kwenye kioo. Kilemba kiko upande huu, macho na ndevu ziko upande ule, na nakala nyingine hatuna. Shangazi yangu, aliyekuwa ameitunza miaka yote ile, hakunigombeza. Alisema, “Ungeuliza kwanza,” akaenda zake jikoni.

Ndipo nikaanza kuuliza. Haya niandikayo ni niliyoyapata katika kuuliza huko, na nayaelekeza zaidi kwa akina mama, kwani katika nyumba zetu funguo za kasha ziko mikononi mwenu.

Kwanza, mtu ajue alicho nacho. Njia ya kupiga picha iliyotangazwa kwa walimwengu mwaka 1839 ilikuwa ya Mfaransa Daguerre. Picha zake haziko juu ya karatasi, bali juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, nalo hung'aa kama kioo cha kujitazamia. Ukiliinamisha, sura hutokea, ukiliinua, hupotea. Picha za namna hiyo zilipigwa hata katika pwani yetu, katika safari ya nahodha wa Kifaransa Guillain ya mwaka 1846 hadi 1848. Ukikuta bamba kama hilo usilifute kwa chochote, hata kwa pamba, kwani sura iko juu kabisa na hufutika. Baadaye, katika miaka ya 1850, zikaja picha za bati. Hizo kuzijua ni rahisi: sogeza sumaku nyuma yake, itavutwa.

Lakini zilizo nyingi katika makasha yetu ni za karatasi. Zilizo kuukuu zaidi ni karatasi nyembamba mno iliyogandishwa juu ya kadi ngumu, rangi yake ya hudhurungi, na kwenye weupe wake pameingia umanjano. Karatasi hiyo ilipakwa ute wa yai. Naam, yai hili hili la kuku. Ndiyo iliyotumika zaidi mpaka miaka ya 1890. Kadi ndogo ina upana wa sentimita 6 hivi na urefu wa 10. Kubwa yake ni kama 11 kwa 16 na nusu. Igeuze nyuma, kwani mara nyingi pana jina la mpiga picha, kama vile A. C. Gomes wa Unguja au ndugu wawili Coutinho, waliofanya kazi Unguja na Mombasa. Jina hilo lina thamani kuliko fremu ya dhahabu, basi lisifunikwe kwa gundi. Picha za baadaye, zenye tabaka la jelatini, hutambulika kwa kuwa sehemu zake nyeusi, hasa pembezoni, hutoa mng'aro wa kifedha. Hiyo ndiyo namna ya picha ya babu yangu. Jelatini ikipata unyevu hulainika ikashika kioo. Ndiyo maana kati ya picha na kioo lazima pawe na ukingo wa kadi vitu hivyo viwili visigusane. Na ikiwa vimeshashikana, viache hivyo hivyo. Pigia nakala juu ya kioo chake.

Mavazi pia husema. Leso iliyoandikwa jina kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida hutangulia ile ya herufi za Kirumi. Akina mama mtayaona haya upesi kuliko mimi.

Huenda ndani ya kasha mkakuta pia chombo cha mbao chenye vioo viwili vya macho, mkono mrefu mbele, na mahali pa kusimamishia kadi. Hicho ni stereoskopu. Mwingereza Wheatstone alikieleza chombo cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1838, na kile cha kushikwa mkononi kilienea kwa umbo alilolibuni Mmarekani Holmes katika miaka ya 1860. Kadi yake ina picha mbili zinazoonekana sawa, lakini moja ni ya jicho la kulia na nyingine ya kushoto; ukitazama, akili huziunganisha, na watu na nyumba huonekana wamesimama mbele na nyuma kama katika uhai. Nimepata kuona kadi iliyokatwa katikati ndugu wawili wakagawana. Mirathi hugawanywa, lakini kadi hiyo ikigawanywa haimfai yeyote.

Na kipo kijikamera cha plastiki ambacho mahujaji wetu walikuwa wakiwaletea watoto, ukakielekeza kwenye mwanga na kubonyeza, ikaja Al-Kaaba, kisha ikaja Madina. Wengi wamekitupa wakikiona mchezo. Mwanajeshi wa Kimisri Muhammad Sadiq Bey ndiye anayejulikana kuwa wa kwanza kuipiga picha Madina, mwaka 1861, na Makka mwaka 1880. Kile cha plastiki ni kitukuu cha kazi ile. Kiwekeni mbali na jua, na watoto wasikifungue.

Sasa adui. Pwani yetu ina joto, chumvi na unyevu, na kuvu hupenda vyote hivyo isipokuwa chumvi. Msiweke picha kwenye ukuta wa nje wala chini ya kitanda. Kabati la chumba cha ndani, juu ya usawa wa sakafu, ni bora. Kila picha iwe katika bahasha ya karatasi nyeupe, si gazeti, si mfuko wa plastiki. Albamu zile zenye kurasa za kunata ni sumu. Pitisha uzi mwembamba chini ya picha uitoe, na ikikataa, iache. Msipake mafuta, msigandishe kwa utepe. Na hili najua litawaudhi: kasha la picha lisifukizwe udi wala ubani. Fukizeni nguo. Picha iliyolowa isipanguswe. Ilazwe kivulini, uso juu, mpaka ikauke yenyewe. Mwenye kitu adimu na awaulize watu wa makumbusho ya Fort Jesus au ya Lamu kabla ya kukigusa.

Yote hayo hayatoshi bila majina. Kuna kadi za posta za zamani za wanawake wa pwani hii, zinauzwa ng'ambo mpaka leo, na chini yake hakuna jina la mtu, ila kabila tu. Walikuwa mama wa watu. Na kwetu sisi, ndani ya albamu ya shangazi mna mwanamke amekaa kitini na mtoto mapajani. Shangazi aliniambia ni nani, nikasema nitaandika kesho. Alifariki mwaka jana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sasa sijui kama yule ni nyanya yangu au mke mwenzake, na hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

Basi chukueni penseli laini, si kalamu ya wino, mwandike nyuma, pembezoni, bila kukandamiza: fulani binti fulani, mji, na mwaka ukijulikana. Mkae na wazee wiki hii, simu ikirekodi sauti zao. Piga nakala ya kila picha karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu. Lakini nakala isiruke kwenye makundi ya simu. Mwanamke aliyepigwa picha ya kuonwa na mumewe na ndugu zake hakutoa idhini ya kuonwa na mtaa mzima, na kufa kwake hakukuifuta haki hiyo. Nakala za wanawake na zikae kwa binti mmoja mwaminifu wa ukoo, na anayetaka kuziona amwendee yeye.