Wakili wa Wasio na Fedha

Msafiri akitoka Oicha kwenda Beni, akashika njia ya Kasindi, huvuka mto Semliki na kuingia Uganda. Akizidi kwenda upande wa maawio ya jua, hufika Kenya. Huko, katika nchi ya Gem, si mbali na ziwa Victoria, alizaliwa Argwings-Kodhek mwaka 1923.

Alisoma katika shule ya misioni ya Yala, halafu Makerere kule Uganda, akawa mwalimu. Mwaka 1947 alipelekwa Ulaya, katika mji wa Cardiff, kujifunza elimu nyingine. Lakini yeye akashika masomo ya sheria. Mwaka 1951 alipata cheti cha uwakili. Akarudi Kenya, akawa Mwafrika wa kwanza wa nchi ile kufanya kazi hiyo.

Wakili, ambaye wengi humwita avoka, ni mtu gani? Mtu akishtakiwa na serikali, yule anayemshtaki ni mwenye kuijua sheria. Mshtakiwa pengine hajui hata kusoma. Basi wakili husimama upande wake. Huwauliza mashahidi: Ulimwona kwa macho yako, au uliambiwa? Ilikuwa mchana, au usiku? Wewe ulisimama wapi? Maswali hayo ni kama ungo unaotenga mchele na makapi.

Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya Waingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Sheria zikawa kali mno. Mtu aliyekutwa na risasi mfukoni aliweza kuhukumiwa kufa. Katika miaka ile watu zaidi ya 1,000 walinyongwa.

Argwings-Kodhek aliwatetea washtakiwa wa namna hiyo, na mara nyingi hawakuwa na cha kumlipa. Je, wote walikuwa hawana kosa? Hakuna aliyeweza kujua mapema. Mwenye kosa na asiye na kosa hufanana wanapoletwa mbele ya hakimu. Tofauti yao hujulikana baada ya kusikilizwa. Na mtu akiisha kunyongwa, hukumu haigeuzwi tena.

Lakini kazi ya wakili ina mpaka. Anaweza kuuliza kama mtu amevunja sheria. Hawezi kuifuta sheria yenyewe, hata ikiwa mbaya. Wenye uwezo huo ni wale wanaokaa katika baraza la kutunga sheria. Mtu anayetaka sheria njema hana budi kuitafuta huko.

Mwaka 1955 serikali iliwaruhusu Waafrika kuwa na vyama vya wilaya tu, si vya nchi nzima. Argwings-Kodhek alianzisha chama katika Nairobi. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza, wachague wajumbe 8 wa baraza. Si kila mtu aliruhusiwa. Yalitazamwa masomo yake, mshahara wake na mali yake. Tena wengine walipewa kura 2 au 3. Katika Nairobi Argwings-Kodhek alishindana na Tom Mboya, ambaye naye alisoma Yala. Mboya akashinda.

Argwings-Kodhek hakuiacha kazi aliyoianza. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru wa Kenya, watu wa Gem walimchagua kuwa mbunge wao. Baadaye akawa waziri. Alikufa Nairobi tarehe 29 Januari 1969. Ilitangazwa kwamba ni ajali ya motokari. Barabara moja kubwa ya mji ule imepewa jina lake.

Watoto, kalamu ikipotea darasani, ni rahisi kumnyoshea kidole yule ambaye hana rafiki. Kwanza ulizeni: Nani aliona? Aliona nini? Tena mwacheni yeye mwenyewe aseme. Asikilizwe kwanza, ndipo ahukumiwe.

MASWALI
1. Kazi ya wakili ni nini?
2. Kwa nini mshtakiwa asiye na fedha pia ahitaji wakili?
3. Mbunge anaweza kufanya jambo gani ambalo wakili hawezi?
4. Mwaka 1957, ni nani walioruhusiwa kupiga kura?